Kuipanua C bila kupiga Windows upya: tathmini ya GParted Live kutoka Uyole, Mbeya

Kompyuta ya nyumbani kwetu Uyole ni ya mezani. Tuliinunua mtumba mwaka 2020 katika duka moja la mjini, ikiwa na diski kuu ya GB 500 na Windows 10 iliyokwisha kuwekwa. Aliyeiandaa aliigawa diski ile vipande viwili, C akaipa GB 80 na D akaipa yote iliyobaki, yaani GB 385. Ukijumlisha utapata 465 na si 500, na hakuna aliyeiba chochote: kiwandani GB huhesabiwa kwa elfu, ilhali Windows huhesabu kwa 1024. Tatizo lilikuwa mahali ule mpaka ulipowekwa. Mwaka haukuisha, C ikajaa hadi mstari wake ukawa mwekundu, masasisho ya Windows yakawa yanagoma, na jedwali langu la matokeo ya wanafunzi likawa linachukua dakika nzima kufunguka, huku D ikiwa na zaidi ya GB 240 tupu.

Fundi niliyempelekea aliitazama kwa muda mfupi, akasema, "Mwalimu, hii dawa yake ni kupiga Windows upya. Elfu thelathini tu, kesho jioni unaichukua." Nilimshukuru nikarudi na mashine yangu. Sikuwa na ugomvi na bei yake. Nilichokataa ni kufutiwa programu zote nilizozipanga kwa mwaka mzima, kwa sababu ya mpaka uliochorwa pasipostahili, wakati Windows yenyewe ilikuwa nzima.

Hapo ndipo nilipokutana na GParted Live. GParted ni programu huria ya kugawa na kupanga diski, ilianza kutolewa mwaka 2004, na hupatikana bure kwa GPL, leseni ya programu huria. Toleo liitwalo Live ni mfumo mdogo mzima uliojengwa juu ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, unaowekwa kwenye flashi na kuwashwa kutoka humo huku Windows iliyo ndani ya mashine ikiwa imelala. Nimeitumia kwenye kompyuta tatu, mara ya kwanza kwa hasara iliyoniumiza sana na mara mbili zilizofuata kwa mafanikio. Kwa kazi hii ndiyo programu ninayoiamini kuliko nyingine yoyote, lakini kuna kitendo kimoja ndani yake ambacho simshauri mtu wa Mbeya akifanye msimu wa mvua bila maandalizi ninayoyaeleza hapa chini.

Kwanza nieleze kwa nini chombo cha Windows chenyewe hakikutosha. Disk Management, inayofunguliwa kwa kuandika diskmgmt.msc kwenye sehemu ya kutafutia, inaweza kupunguza patisheni (yaani kipande cha diski kama C au D) kutoka mwishoni mwake, na inaweza kuipanua kwenda kulia iwapo papo hapo mpakani pana eneo lisilogawiwa. Haiwezi kusogeza patisheni. Chukua mashamba mawili ya viazi yaliyopakana kwenye mteremko, la juu dogo na la chini kubwa. Mwenye shamba la chini akikubali kutoa ekari moja, Windows huikata ekari hiyo kule chini kabisa mtoni, na jirani wa juu hawezi kuiunganisha na lake kwa sababu shamba zima la mwenzake limekaa katikati. Ndivyo inavyokuwa ukipunguza D kwa GB 100: eneo tupu hutokea baada ya D, na kitufe cha Extend Volume juu ya C hubaki kimefifia. Nimewaona watu wakifika hapo wakadhani mashine ni mbovu. Tena Windows ikiwa inafanya kazi huwa na mafaili yake isiyokubali kuyaondoa mahali yalipo, kama pagefile.sys na hiberfil.sys, hivyo hata kupunguza kwenyewe mara nyingine huishia nusu ya ulichotaka. GParted Live hukwepa vikwazo vyote viwili kwa sababu wakati inafanya kazi Windows haipo macho.

Kuipata si gharama. Faili lake halifiki GB 1, na flashi ya kawaida inatosha, ingawa flashi hiyo itafutwa yote wakati wa kuiandaa, hivyo usitumie ile yenye mitihani. Mimi niliiandaa kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi za kuwashia; wengine hupenda balenaEtcher, na matokeo ni yaleyale. Baada ya hapo unazima kompyuta, unaiwasha huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia, ambacho kwenye HP huwa ni Esc kisha F9, na kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, halafu unachagua flashi. Itakuuliza maswali ya kibodi, lugha na namna ya kuonyesha kioo. Nilijibu yote kwa kubonyeza Enter, na kioo kikafunguka.

Kioo hicho ndicho kilichonifanya niiamini. Juu pana mstari mmoja mrefu unaochora diski yako nzima kama ilivyo, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila patisheni ni sanduku lenye fremu ya rangi. Ndani ya sanduku, njano ni mahali palipokwisha kutumika na nyeupe ni mahali patupu, wakati eneo lisilogawiwa ni la kijivu. Siku ile niliona kwa macho yangu kile ambacho kwa mwaka mzima nilikisoma kwa tarakimu tu: kisanduku kidogo kilichojaa njano hadi ukingoni, na pembeni yake sanduku refu ambalo zaidi ya nusu yake lilikuwa jeupe. Unakamata ukingo wa sanduku kwa kipanya na kuuvuta, au unaandika ukubwa kwa MiB, yaani megabaiti. Hapo inabidi kuzidisha kwa 1024, kwamba GB 100 ni 102,400, na nashauri kuandika tarakimu badala ya kuvuta, kwa kuwa mkono hutikisika.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba hakuna linalotendeka unapovuta. Kila unachoagiza huorodheshwa chini ya kioo kwa maneno, kwa mpangilio wake: punguza hii, isogeze, panua ile. Unaweza kuondoa agizo moja, ukaondoa yote, ukaenda kunywa chai na kurudi, na diski bado haijaguswa. Kazi huanza tu unapobonyeza alama ya tiki ya kijani na kukubali onyo linalofuata. Kwa mtu asiye fundi huo ni ukarimu mkubwa, kwa sababu unapata muda wa kusoma ulichoagiza kama mtu anayesoma mkataba kabla ya kutia saini.

Yapo mambo mawili yanayoweza kumpoteza mgeni. GParted haizijui herufi C na D. Inaita diski ya kwanza /dev/sda na patisheni zake sda1, sda2 na kuendelea, na kwenye SSD za kisasa, diski zisizo na sahani inayozunguka, huandika nvme0n1p3 na mengine ya namna hiyo. Flashi yako nayo inaweza kuonekana kama sdb katika orodha iliyoko juu upande wa kulia. Kwa hiyo kabla ya kutoka Windows, zipe patisheni zako majina yanayosomeka. Mimi C niliiita MFUMO na D nikaiita NYUMBANI, na majina hayo yalionekana ndani ya GParted vilevile. La pili ni agizo la kuunda jedwali jipya la patisheni, lililo kwenye menyu ya Device. Agizo hilo hufuta kila kilichomo kwenye diski. Asiyehitaji diski tupu asilifungue kabisa.

Mara ya kwanza nilipoiwasha, ilinigomea. Pembeni ya C na D palikuwa na alama ya mshangao, na nilipoifungua ikaeleza kwamba Windows haikuzimwa kikamilifu. Sababu ni Fast Startup, mtindo ulioingia na Windows 8 mwaka 2012, ambapo ukibonyeza Shut down Windows hulala usingizi mzito badala ya kufa, huku ikiacha kumbukumbu zake ndani ya diski. Kubadilisha ukubwa wa patisheni katika hali hiyo ni sawa na kuhamisha kitanda ambacho mtu bado amelalia. Dawa yake ni kurudi Windows, kufungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, kuandika powercfg /h off, kisha chkdsk, amri ya kukagua diski, kwenye kila patisheni, na kuzima. Niliporudi GParted alama zilikuwa zimeondoka. Kugoma kule nakuhesabu kuwa sifa kubwa ya programu hii, maana ingeweza kuendelea na kuniharibia kila kitu dakika ileile.

Sasa nieleze hasara yenyewe. Ilikuwa Februari 2021, mvua zikiwa zimepamba moto. Niliagiza mambo matatu: D ipunguzwe kutoka GB 385 hadi 285, isogezwe kulia kwa GB 100, kisha C ichukue nafasi hiyo. Kupunguza kulimalizika upesi. Kusogeza ndiko kulikochukua muda, kwa sababu kusogeza patisheni maana yake ni kunakili kila kipande chake kutoka mahali kilipo hadi mahali kipya kwenye diski ileile, ikiwa ni pamoja na sehemu tupu, huku kichwa cha diski kikienda na kurudi. GParted ilinikadiria saa tatu na ushei. Nilikuwa na UPS ndogo, betri ya akiba ya kompyuta, na niliiona kuwa inatosha. Radi zilianza upande wa Mlima Rungwe kama saa kumi jioni, umeme ukakatika, UPS ikalia kwa dakika kumi na mbili nikiwa nimesimama mbele ya kioo, na mstari ulipofika kama asilimia 60 kila kitu kikazima.

Kosa si la programu. GParted ikikutana na hitilafu ya kusoma hujaribu kurudisha ilichofanya, lakini hakuna programu inayoweza kurudisha kitu ikiwa mashine yenyewe imezimika, wala haina namna ya kuendelea pale ilipoishia. UPS ya nyumbani ni ya kukuvusha kwenye umeme unaocheza na kukupa muda wa kuzima kwa utaratibu. Haiwezi kubeba kazi ya saa tatu, na hilo ndilo nililopaswa kulijua kabla ya kubonyeza ile tiki.

Umeme uliporudi, C ilikuwa salama, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijafika. D ilifunguka, na kwa dakika chache nilimshukuru Mungu. Kisha nikafungua folda ya kwaya. Majina ya nyimbo yote yalikuwapo, ukubwa wa kila faili ulikuwa sahihi, lakini nusu yake hazikucheza kabisa, na nyingine zilianza kwa sauti zetu na kukatikia kwenye mkwaruzo. Picha za mazishi ya mama yangu zilifunguka nusu ya juu, nusu ya chini ikawa kijivu. Baadaye nilielewa kilichotokea. Patisheni inaposogezwa kulia, kunakili huanzia mwishoni ili data mpya isiikanyage ambayo bado haijanakiliwa. Lakini kwa kuwa nilisogeza GB 285 kwa umbali wa GB 100 tu, mahali papya na pa zamani palilaliana kwa kiasi kikubwa, na hivyo sehemu ya mwisho ya D ya zamani ilikuwa imekwisha kufunikwa, huku nakala zake nzuri zikiwa mahali papya ambapo Windows haikujua pa kuzitafuta.

Kuzitafuta nilisaidiwa na flashi ileile, kwa sababu GParted Live huja na TestDisk pamoja na mwenzake PhotoRec. PhotoRec hupita diski yote kipande kwa kipande na kutambua mafaili kwa umbo lake, bila kujali orodha ya majina. Niliazima diski ya nje kwa mwalimu mwenzangu, kwa kuwa kilichookolewa hakipaswi kuandikwa kwenye diski hiyohiyo kinakookolewa, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha. Picha za mazishi zilirudi nyingi, zote zikiwa na majina ya herufi f na tarakimu ndefu, zimechanganyika na picha za mitandaoni na nembo za programu. Nilizichambua kwa wiki tatu. Nyimbo kumi na moja za kwaya hazikurudi, na waimbaji wawili waliokuwamo wamekwisha kufariki.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye nyumba ni huu: kama una mahali pa kuweka nakala ya akiba ya D, basi huhitaji kuisogeza D kabisa. Nakili vyote kwenye diski ya nje, fungua mafaili machache ya kila folda kuhakikisha yanafunguka, kisha ifute D, panua C kadiri unavyotaka, tengeneza D mpya katika eneo lililobaki na urudishe vitu vyako. Njia hii hata Disk Management ya Windows inaiweza, na umeme ukikatika wakati wa kunakili hakuna kinachopotea, kwa sababu cha asili bado kipo. Ndivyo nilivyoimalizia mashine yangu baada ya uokoaji ule. C sasa ina GB 180 na kazi yenyewe, ukiondoa muda wa kunakili, haikufika dakika tano. Kama ningefanya hivyo tangu mwanzo, ningekuwa na nyimbo zile leo.

Asiye na diski ya nje, wala pa kuiazima, anaweza kutumia njia ambayo niliijaribu mwaka jana kwenye kompyuta ya mwalimu mwenzangu wa Iyunga. Yake ilikuwa na C ya GB 100 na D ya GB 365 iliyotumika GB 70 tu. Badala ya kusogeza D ikiwa kubwa, niliipunguza kwanza hadi GB 90, nikaisogeza mpaka mwisho kabisa wa diski. Faida zake ni mbili. Kinachonakiliwa ni GB 90 badala ya zaidi ya 200, na kazi ikaisha kwa dakika arobaini hivi. Iliyo kubwa zaidi ni kwamba mahali papya palikuwa mbali na pa zamani, GB 275 mbele, hivyo havikulaliana hata kidogo. Umeme ungekatika katikati ya kunakili, data ya asili ingekuwa bado ipo kama ilivyokuwa. Baada ya hapo C ilipanuliwa, na eneo lililobaki katikati likawa patisheni ya tatu ya kuwekea video za masomo. Hata hivyo nilimwambia anakili kwenye flashi mbili vile ambavyo hawezi kuvipata tena, na tulichagua asubuhi ya Julai yenye baridi kali na anga jeupe, msimu ambao radi hazitusumbui.

Zipo programu nyingine zinazofanya kazi hii ndani ya Windows yenyewe, kama MiniTool Partition Wizard na AOMEI Partition Assistant, zenye sura inayovutia zaidi na herufi C na D zinazoonekana waziwazi. Matoleo yake ya bure yana mipaka, na baadhi ya vitendo hufunguliwa kwa kulipia. Anayeogopa kuwasha kompyuta kupitia flashi anaweza kuzipenda, na sina ubaya nazo. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni zile nakala zilizovunjwa kufuli zinazogawiwa kwenye flashi katika maduka ya steshenari. Programu inayoandika upya mipaka ya diski yako nzima ndiyo ya mwisho kabisa kuipokea kutoka kwa mtu asiyejua ameitoa wapi, wakati iliyo safi na ya bure ipo.

GParted nayo ina upungufu wake. Lugha ya maonyo yake ni ya kifundi, na inapokwama hutoa kumbukumbu ndefu ambayo mtu wa kawaida hawezi kuisoma, ingawa inaweza kuhifadhiwa na kupelekwa kwa anayejua. Haiwezi kubadilisha diski ya mtindo wa zamani wa MBR, wenye kikomo cha patisheni kuu nne, kuwa ya mtindo mpya wa GPT bila kufuta vilivyomo. Na makadirio yake ya muda hupanda na kushuka mno, kiasi kwamba usiyategemee kupanga safari ya sokoni. Baada ya kazi, Windows ikiwaka mara ya kwanza huikagua diski. Iache imalize, kisha izime na kuiwasha tena kabla ya kuanza kutumia.

Mara ya tatu ilikuwa ya wifi yangu wa Tukuyu, na hapo ndipo nilipoiona programu hii katika ubora wake. Kompyuta yake mpakato ilikuwa na SSD ya GB 256. Fundi akamwekea ya TB 1 na kuhamishia kila kitu kama kilivyo, lakini C ikabaki na ukubwa uleule wa zamani. "Wifi, nimelipia nyumba kubwa nimepewa chumba kilekile," aliniambia kwenye simu. Ukiichora diski yake unaona sababu mara moja: mwanzoni patisheni ndogo ya kuwashia, kisha C, kisha patisheni ya uokoaji ya Windows isiyofika hata GB 1, ndipo lifuate eneo la kijivu la karibu GB 700. Kipande kile kidogo cha uokoaji kilikuwa kimekaa katikati ya C na uwanja wote ule.

Kwanza GParted haikukubali kuigusa C, kwa kuwa ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kusimba data, na patisheni iliyosimbwa namna hiyo haiwezi kubadilishiwa ukubwa kutoka nje. Tulirudi Windows, tukaandika kwenye daftari ule ufunguo wa tarakimu 48 wa kuifungulia, tukazima usimbaji na kusubiri hadi umalizike, kisha tukazima mashine. Mara ya pili GParted ilikubali. Niliagiza patisheni ya uokoaji isogezwe hadi mwisho wa diski na C ipanuliwe hadi kuifikia. Kusogeza kitu kisichofika GB 1 kwenye SSD kulichukua sekunde chache, kupanua C nako hakukumaliza dakika moja, na mashine ilikuwa kwenye betri iliyojaa huku chaja ikiwa ukutani, hivyo sikuwa na hofu na umeme wa Tukuyu. Windows ilipowaka niliandika reagentc /info kuangalia kama uokoaji bado unajulikana ulipo, nikakuta umezimwa kwa sababu ya kuhamishwa, nikauwasha kwa reagentc /enable. Kisha tukarudisha usimbaji wa BitLocker.

Wifi alipoona C ina zaidi ya GB 700 tupu alisema, "Ndaga fijo, wifi," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akachukua ile SSD ya zamani mezani na kuuliza kama sasa anaweza kuifuta ampe kijana wake. Nilimwomba aifunge kwenye kitambaa na kuiweka kabatini kama ilivyo kwa mwezi mzima, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nakala yake ya akiba siku nzima ile.